Ufunguo Pindoni

Watu wa bomba la maji walikuja Jumatatu wakachora mstari wa chokaa. Ulianzia barabarani, ukapita getini kwangu, ukapita chini ya gari la marehemu mume wangu, ukatokea upande wa pili kuelekea kwa jirani. Msimamizi wao alikuwa mtu wa adabu. Akaniambia, "Mama, Alhamisi asubuhi tunachimba. Hilo gari liwe limeshaondoka."

"Litakuwa limeondoka," nikamjibu upesi, kama mtu mwenye mpango. Mpango sikuwa nao.

Gari lilikuwa halijasogea kwa miaka mitatu. Siku ile mume wangu aliporudi nalo kutoka kazini aliliingiza chini ya kibanda cha mabati, akaja ndani ameshika kifua, na tangu hapo hakuna aliyeligusa ila mimi. Kila Jumamosi nilikuwa nafuta vumbi kioo cha mbele, nasali kidogo nikiwa nimeegemea boneti, halafu narudi kwenye shughuli zangu. Magurudumu yalikwisha upepo. Kuku wa jirani alitagia chini ya bampa mara mbili, na mara zote mbili nilimrudishia mwenyewe mayai yake, ingawa alikuwa anaapa kwamba moja lilipungua.

Binti yangu ndiye aliyesema kwamba kama gari linatoka, basi liende kwa fundi likatengenezwe, alitumie yeye. Ni mkunga wa zahanati, na wajawazito wake wametawanyika huko na huko, wengi anawafikia kwa miguu. Jambo lenyewe lilikuwa jema, sikuwa na la kupinga. Kilichoninyima usingizi ni njia. Gereji iko chini ya mteremko wa shule, na mteremko ule una kona moja kali. Pembeni ya kona kuna mtaro wa maji ya mvua uliojengwa kwa zege, mtu mzima akisimama ndani yake kichwa hakionekani. Gari bovu likivutwa kwa kamba, lazima awepo mtu wa kushika usukani. Na mtu huyo, watu waliamua bila kuniuliza, angekuwa binti yangu, kwa kuwa ndiye mwenye leseni. Leseni ilikuwa na miezi saba. Na mtoto ni huyo huyo, sina mwingine.

Nikasema sawa, ila nitakaa pembeni yake.

Wa kutuvuta alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mwenye lori dogo la kubebea mchanga. Mtaani wanamwita Nyundo. Hakuna kitu kilichowahi kumgomea asikigonge, iwe redio, iwe bomba, iwe mlango wa choo. Ana moyo mzuri, tatizo lake ni mikono.

Jumatano saa mbili asubuhi akafika, amevaa ovaroli, anapiga mluzi. Akanikuta nimeshavaa.

"Shemeji, unaenda wapi?"

"Kwenye gari."

"Gari linavutwa hilo, si harusi."

"Nitakaa pale nilipokaa siku zote."

"Uzito unaongezeka."

"Lori lako linabeba mchanga, shemeji. Mimi ni ndoo ngapi za mchanga?"

Akanitazama kutoka juu hadi chini, akageuka pembeni. "Nikijibu nitaonekana sina adabu."

Binti yangu akacheka ndani ya kikombe cha chai mpaka kikamwagika.

Wakajaza upepo magurudumu, yakakubali. Shemeji akaingia kwenye gari, akaweka nyutro, akashika usukani ageuze matairi yatazame getini. Usukani ukacheza kidogo upande mmoja, ukagota. Akajaribu upande wa pili, ukagota.

"Umejifunga," akasema. "Hili si jambo." Akatoka, akarudi na spana ndefu ya magurudumu.

"Baba mdogo, hiyo ya nini?" binti yangu akamwuliza.

"Kufuli la usukani ni kijipini tu humo ndani, kama kidole. Napitisha chuma hapa katikati ya usukani, navuta mara moja, kinakatika. Mnaondoka."

Ningemwacha, kwa kuwa sikujua. Aliyemzuia ni fundi mwenyewe. Fundi Polepole alikuwa amekuja kwa baiskeli kuliangalia gari kabla halijaanza safari, na jina lake hakulipata bure, kwa sababu hata salamu yake huanza mkikutana ikaisha ukiwa umeshampita. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akapangusa mikono kwenye kitambaa, akaja.

"Nyundo," akasema, "ukikivunja hicho, utajua kimevunjika vipi?"

"Kimevunjika ni kimevunjika."

"Kikikatika vibaya kipande kinabaki ndani, na springi yake iko nyuma inakisukuma. Hapa uani usukani utazunguka vizuri, mtapongezana. Mkifika kwenye kona kile kipande kinarudi mahali pake. Huyu binti atakuwa anageuza usukani usiogeuka, na wewe uko mbele unapiga mluzi."

Nilimtazama shemeji, na shemeji akaitazama spana yake kama vile kuna mtu kamwekea mkononi.

"Ufunguo upo?" Fundi akaniuliza.

Ulikuwepo. Ulikuwa kwenye kopo la sindano na nyuzi, nimeufunga ndani ya leso yake. Nikaenda kuuleta. Njiani kutoka chumbani niliushika kwa nguvu hata ukanichora kiganja.

Uliingia vizuri, lakini haukuzunguka. Fundi akajaribu taratibu, binti yangu akajaribu, shemeji akanyoosha mkono, Fundi akausukuma mkono wake. Akasema labda kutu. Hapo nikakumbuka kitu nilichokuwa nakiona kila asubuhi kwa miaka, wala sikujua kama nakijua. Mume wangu hakuwa anazungusha ufunguo peke yake. Mkono wa kulia kwenye ufunguo, wa kushoto kwenye usukani, na ule wa kushoto ulikuwa unautikisa usukani kidogo kidogo, huku na huku, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Utikise usukani," nikamwambia binti yangu. "Kidogo tu. Usiuvute. Utikise huku unazungusha ufunguo."

Akafanya hivyo. Ikasikika *tak*, sauti ndogo, na ufunguo ukasogea hatua moja. Usukani ukawa huru.

"Ule usukani ulikuwa umekilalia kile kijipini," Fundi akasema. "Ukiutikisa, unakipa nafasi kitoke." Halafu akanitazama. "Mama, kumbe uliajiriwa gereji hukutuambia."

"Niliajiriwa kiti cha pembeni," nikasema.

Hapo ndipo Fundi alipotoa maagizo yake, na nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu kuyasahau ndiko kulikotutia mashakani na kuyakumbuka ndiko kulikotusaidia kutoka. La kwanza, ufunguo ubaki hapo hapo, hatua ya kwanza, usirudishwe, usichomolewe mpaka gereji. Ukichomolewa, usukani ukigeuka kidogo tu kufuli linaingia. La pili, injini haifanyi kazi, kwa hiyo breki itakuwa ngumu kama kukanyaga jiwe, akitaka kusimama akanyage kwa miguu yote miwili. La tatu, kwenye mteremko aishike breki kidogo kidogo ili kamba ibaki imekaza, gari lisimfukuze Nyundo kwa nyuma.

"Ngoja nitafute waya niufunge huo ufunguo usichomoke," akasema.

"Ufunguo hauna miguu," shemeji akamjibu. "Twende, jua linapanda."

Fundi akatazama kama kuna waya karibu, hakuna. Akapanda baiskeli yake akatutangulia kwenda kufungua geti la gereji.

Nikaingia kwenye gari.

Miaka mitatu sikuwa nimekaa pale. Kiti kilikuwa kimebonyea vile vile nilivyokiacha, na magoti yangu yakapata nafasi yake bila kuitafuta. Ndani mlinuka vumbi na ngozi ya zamani. Nikajifunga kanga yangu vizuri, nikasali. Sikuomba mengi. Nilisema, Bwana, mpitishe mtoto wangu kwenye ile kona, mengine nitakuomba jioni.

Sasa lazima niseme habari ya ufunguo na mimi, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka.

Binti yangu alipokuwa na miaka minne, mume wangu alisimamisha gari mbele ya duka, akashuka kununua mafuta ya taa, akaacha ufunguo mahali pake. Mimi nilikuwa nimeshuka pia, nasalimiana na mtu. Mtoto akahamia kiti cha baba yake akauzungusha ule ufunguo. Gari lilikuwa kwenye gia. Likaruka mbele kama mbuzi, likagonga ukuta wa duka, likazima. Mtoto hakupata hata mchubuko, ila mimi na baba yake tulikaa kwenye ngazi za duka tunampakata kwa zamu. Siku ile tuliwekeana agizo. Gari likisimama tu, mahali popote, kwa sababu yoyote, ufunguo kwangu. Yeye anashuka, ananiuliza, "Limelala?" Mimi nauchomoa, naufunga pindoni mwa kanga, mafundo mawili, najibu, "Limelala." Ndipo anaondoka. Tulifanya hivyo miaka kumi na tisa. Tulifanya tukiwa tumenuniana. Zipo siku ambazo hayo ndiyo yalikuwa maneno pekee tuliyosemeshana, limelala, limelala. Mtoto alikua nayo masikioni.

Basi tukatoka. Lori likavuta, kamba ikanyanyuka kutoka ardhini, ikakaza, gari likatetemeka likaanza kwenda. Lilikwenda bila mngurumo wowote, unasikia kokoto tu chini ya matairi. Binti yangu alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, amekaa mbele kabisa ya kiti, kidevu juu.

"Legeza mabega," nikamwambia.

"Mama, usinifundishe, utanichanganya."

"Sikufundishi. Nasema mabega."

Mtaa mzima ulitoka. Muuza mboga akaniita, "Mama, mmeamua kulirudisha dukani?" Jirani wa kuku alisimama getini akiangalia chini ya gari, nadhani alikuwa anatafuta lile yai lake. Mshona viatu akasema kwa sauti kwamba Nyundo leo amepata gari linalomtii. Shemeji akampungia mkono dirishani kama waziri. Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea, na kila tulipokata kona ndogo ndogo za mtaani usukani uligeuka vizuri, na mimi kila mara nilitazama ufunguo, upo. Nilikuwa nautazama kama ninavyotazama maziwa jikoni.

Juu ya mteremko, mbele ya geti la shule, shemeji akasimama kama tulivyopatana, ili fundo la kamba likaguliwe kabla ya kushuka. Binti yangu akavuta breki ya mkono. Alikuwa ameshatulia, uso umefunguka, ameona kwamba anaweza. Akafungua mlango aende akaangalie kamba na baba yake mdogo. Mguu mmoja ukiwa nje akageuka, akaigeza ile sauti ya baba yake, nzito, ya kukohoa kidogo mwanzoni, akauliza kwa mzaha:

"Limelala?"

"Limelala," nikamjibu. Nikacheka, yeye akacheka, akaufunga mlango.

Nikabaki nimewatazama kupitia kioo. Shemeji aliinama, akaivuta kamba, akaipiga teke, akaridhika. Akamwonyesha binti yangu mteremko kwa mkono, akaipinda mikono kuonyesha kona, akakanyaga chini kwa miguu miwili kuonyesha breki, kama mtu anayecheza. Binti yangu alitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Niliwatazama hao. Nilikuwa nawaombea. Mikono yangu sikuitazama, na siwezi kusema ilifanya nini wakati gani, kwa kuwa sikuituma. Ilifanya kazi yake ya miaka kumi na tisa. Ilirudisha ufunguo nyuma hatua moja, ikauchomoa, ikaufunga pindoni, mafundo mawili.

Binti yangu akarudi, akaingia, akaachia breki ya mkono. Macho yake yalikuwa kwenye kamba. Lori likaondoka nasi tukaondoka.

Mwanzo wa mteremko umenyooka, hatua kama mia moja na hamsini. Gari lilishuka sawa, yeye anaigusa breki kidogo kidogo kama alivyoagizwa, kamba imekaza. Nikaanza kushusha pumzi. Halafu nikaona anaugeuza usukani kidogo kukwepa shimo la lami, nikasikia *tak*.

Sauti ile ile ya asubuhi.

"Mama," akasema. Hakupiga kelele. Alisema kwa ile sauti anayoitumia kazini, wanayoambiwa wauguzi wasiibadilishe. "Usukani umegoma."

Nikatazama mahali pa ufunguo. Palikuwa tundu tupu.

Nimezika mume, nimezika wazazi wote wawili, lakini baridi kama ile iliyoniingia wakati ule sijawahi kuijua. Nikapeleka mkono pindoni, nikaugusa, upo, mgumu ndani ya kitambaa.

"Kanyaga," nikamwambia. "Miguu miwili."

Alikanyaga mpaka akainuka kwenye kiti, akavuta na breki ya mkono. Gari likapunguza mwendo lakini halikusimama, kwa sababu lori lilikuwa linavuta, na mtu anayebeba mchanga kila siku hasikii tofauti. Honi hatukuwa nayo, betri ilikufa zamani. Mbele nikaona lori linaanza kuingia kona. Kamba ikaanza kwenda upande, ikaivuta pua ya gari letu kwa pembeni, na matairi yetu hayakuifuata. Yalitazama mbele tu. Na mbele palikuwa na ukingo wa zege, na baada ya ukingo hakuna kitu.

Mafundo yangu huwa nayakaza. Ndiyo sifa yangu, hakuna aliyewahi kuokota kitu kilichodondoka kwenye pindo langu. La kwanza nikalifungua kwa kucha. La pili likagoma. Nikalitia mdomoni nikaling'ata, nikalivuta kwa meno hata uzi ukakatika, ufunguo ukadondokea mapajani. Nikauingiza. Vidole vilikuwa vimetulia, sijui ni vya nani. Nikauzungusha, haukuzunguka.

"Utikise," nikamwambia.

"Nini?"

"Usukani. Utikise kidogo, usiuvute, kama asubuhi."

Alikuwa anauvuta kwa nguvu zake zote kuelekea kulia, na kadiri alivyouvuta ndivyo alivyokuwa analibana lile kufuli. Nilimwona anaelewa. Alilegeza mabega. Ukingo ulikuwa karibu kiasi kwamba niliona majani yaliyoota kwenye nyufa zake, na yeye akalegeza mabega, akautikisa usukani, huku na huku, taratibu, mtoto wa baba yake.

*Tak.*

Ufunguo ukasogea, usukani ukageuka. Tairi la mbele upande wangu lilipanda kokoto za pembeni, likasugua ukingo kwa urefu wa mlango, likarudi barabarani. Tukaizunguka kona nyuma ya lori, tukashuka hatua nyingine kama thelathini, na hapo ndipo shemeji alipotuona kwenye kioo chake jinsi tulivyokaa upande, akasimama.

Binti yangu alikuwa bado amekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nikamwambia avute ya mkono. Akaniambia ameshaivuta. Nikamwambia basi aachie ya mguu. Akasema hawezi, miguu haisikii. Nikainama nikamshika goti, nikalisugua, taratibu miguu ikalegea. Halafu akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikawa nasema ahsante, ahsante, ahsante, wala sikuongeza neno lingine, nadhani Niliyekuwa namwambia alinielewa.

Shemeji akaja, anapanda mteremko huku ameshika kiuno.

"Nyie mbona mnavuta breki kama mnashindana nami? Klachi yangu inanuka." Akaona uso wa binti yangu. Akaona mkwaruzo wa zege ubavuni mwa gari, na akageuka kutazama ukingo juu kwenye kona.

"Usukani ulijifunga," binti yangu akasema.

"Ulijifunga vipi na ufunguo umo?"

"Niliuchomoa mimi," nikasema.

"Shemeji."

"Niliuchomoa pale shuleni. Nikaufunga pindoni."

"Kwa nini?"

Binti yangu akajipangusa pua kwa kiganja. "Kosa ni langu, baba mdogo. Mimi ndiye nilimwuliza kama limelala."

Nilidhani shemeji atanisema. Angekuwa na haki ya kunisema, na mimi nilikuwa tayari kusikia. Lakini yule alikuwa mdogo wa mume wangu, alipanda nasi gari lile mara nyingi, na maneno hayo anayajua. Akaegemea dirisha, akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Sikujua mara moja kama analia au anacheka.

"Kaka," akasema hatimaye, na hakuwa anazungumza nasi. "Kaka, amri zako hizi."

Akaenda kwenye lori, akarudi na kipande cha waya. Akapiga magoti pale kwenye lami, akauzungushia ule ufunguo waya, akaupeleka kwenye shina la usukani, akauzungusha tena, akausokota kwa vidole, polepole, akiutazama kwa karibu kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Alipomaliza akaujaribu kwa kidole. Haukusogea.

"Nimekuona," nikamwambia. "Umefunga kitu bila kukigonga."

"Usimwambie mtu." Akasimama, akanielekezea kidole. "Na hiyo mikono yako shemeji, iko wapi?"

"Hii hapa."

"Ikalie."

Nikaikalia. Nilishuka mteremko wote uliobaki nimekalia mikono yangu kama mtoto aliyeiba sukari, na kila baada ya nyumba tatu nne shemeji alikuwa anatoa kichwa nje ya lori anauliza, "Imekaliwa?" na binti yangu anamjibu, "Imekaliwa." Watu wa barabarani walitutazama. Sijui walituonaje. Mimi nilikuwa naona kila kitu kizuri, nguo kwenye kamba, mtu anachomelea geti, mbwa amelala, vyote vizuri.

Fundi alikuwa amesimama getini. Aliuona waya kabla hajaona kitu kingine, kisha akauona mkwaruzo. Akamtazama kila mmoja wetu kwa zamu, kwa mwendo wake ule ule, na binti yangu akamweleza yote. Aliposikia habari ya pindo, alikaa juu ya tairi kuukuu.

"Mimi nilisema waya," akasema.

"Ulisema," shemeji akakubali. "Mimi ndiye nilisema hauna miguu."

"Haukuhitaji miguu. Ulikuwa na mikono ya mama."

Wakalisukuma gari ndani, likakaa mahali pake, chini ya paa, jiwe mbele na jiwe nyuma. Fundi akakata waya kwa koleo. Kisha akasimama kando, na shemeji akasimama kando, na binti yangu akatoa mikono yake kwenye usukani akaiweka mapajani. Hakuna aliyetaka kuugusa ule ufunguo.

"Haya, shemeji," Nyundo akasema. "Kazi yako hiyo."

Nikaitoa mikono yangu. Ilikuwa imekufa ganzi. Nikaurudisha ufunguo nyuma hatua moja, nikauchomoa, na kwa mazoea nikashika pindo la kanga. Lilikuwa limechanika pale nilipoling'ata, na tundu lake lilitosha kupita kidole. Nikaliangalia. Halafu nikafungua kiganja cha binti yangu nikauweka ufunguo humo, nikavifunga vidole vyake kimoja kimoja.

"Kuanzia leo, likisimama, huu unabaki kwako," nikamwambia.

"Na likiwa linavutwa?"

"Likiwa linavutwa, nitakuwa nyumbani."

Akanikumbatia pale pale ndani ya gari, usukani umembana mbavu, akanishika muda mrefu. Nilimsikia anavuta pumzi na kuitoa. Nilizihesabu kama nilivyokuwa nazihesabu alipokuwa mchanga, usiku, nikiogopa nikisinzia zitakoma. Nje, shemeji alikuwa anamwonyesha Fundi jinsi ile kona ilivyokuwa, anaipinda mikono, na Fundi anamwambia arudie tena polepole.

"Limelala," nikasema. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Kesho yake watu wa maji walikuja saa walizosema. Wakachimba juu ya mstari wao wa chokaa, na mahali gari liliposimama walikuta yai moja, bovu, jepesi kabisa mkononi. Nilimpelekea jirani.